Jinsi ya kufundisha mwako na kazi ya oksijeni: majaribio yanayoeleweka, na moja la kuachana nalo

Mwulize mwanafunzi aliyekwisha kusoma mada ya mwako: oksijeni inafanya nini moto unapowaka? Atakujibu bila kusita kwamba oksijeni husaidia vitu kuungua. Jibu hilo limo kwenye madaftari karibu yote, na kwenye mtihani linapata alama. Sasa mwongeze swali moja tu: ikishasaidia, inakwenda wapi? Hapo ndipo darasa linaponyamaza. Mmoja atasema imeisha, mwingine atasema imepaa na moshi, na hakosi atakayesema imeungua yenyewe.

Wanafunzi hao hawajaambiwa jambo la msingi kuliko yote katika mada hii. Mwako ni muungano. Oksijeni inaingia ndani ya kile kinachoungua, inashikana nacho, na kinachozaliwa hapo ni kitu kipya unachoweza kukinasa kwenye gudulia na hata kukiweka kwenye mizani. Mwongozo huu umepangwa ili mwanafunzi afike hapo kwa macho yake mwenyewe. Unafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi na miaka ya mwanzo ya sekondari, na unahitaji vipindi vitatu hivi pamoja na jaribio moja linalotegwa siku kadhaa kabla.

Kabla ya kuwasha kiberiti

Kusanya vitu hivi mapema na uvijaribu mwenyewe peke yako kabla ya kuingia darasani:

- mishumaa, mingine mirefu na mingine mifupi
- magudulia matatu ya kioo yenye ukubwa tofauti, na glasi kavu
- nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zisizo na sabuni na zisizo za chuma kisichoshika kutu
- siki na magadi soda
- maji ya chokaa yaliyotuama na kuchujwa mpaka yakawa maangavu
- haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, na hamira kavu
- neli mbili za majaribio, bakuli, vijiti vyembamba vya mbao na sinia la bati

Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga ziwe karibu na meza, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Nywele ndefu zifungwe, mitandio na mikono mipana ya nguo ibanwe, karatasi ziondolewe mezani. Madirisha yawe wazi, ila upepo usiupige moto. Spiriti na petroli visiingie kabisa katika somo hili. Hakuna unachokihitaji humu ambacho mshumaa hauwezi kukionyesha. Kuwasha nyuzi za chuma na kutengeneza oksijeni ni kazi ya mwalimu peke yake, akiwa amevaa miwani ya kinga. Mtu akiungua, weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

Hatua ya 1: Tega kutu siku chache kabla

Jaribio hili halina moto, na ndiyo maana walimu wengi hulipitia juu juu. Mimi naliona kuwa nguzo ya mada nzima, kwa sababu ndilo litakalotupa kipimo halisi cha oksijeni iliyomo hewani.

Loweka kipande cha nyuzi za chuma kwenye siki kwa dakika moja hivi ili kuondoa mafuta yanayozikinga, kisha zisuuze kwa maji na kuzikung'uta. Zichambue zikae kwa kuachiana, uzisukume hadi chini kabisa ya neli na uzibane zisidondoke. Pindua neli, mdomo uelekee chini, uiingize kwenye bakuli lenye maji kidogo. Neli ya pili ipindue vivyo hivyo, lakini iwe tupu. Weka alama kuonyesha maji yamefika wapi ndani ya kila neli, kisha uziache mahali ambapo hakuna atakayezigusa kwa siku tatu hadi tano.

Waambie wanafunzi waandike wanachotarajia kuona. Usiwape jibu, wala usiwaambie kwamba jaribio hili lina uhusiano wowote na moto.

Hatua ya 2: Ni kitu gani hasa kinachoungua kwenye mshumaa?

Kipindi cha kwanza kianze kwa kutazama. Kila kundi lipewe mshumaa uliowashwa na dakika tano za kuuangalia na kuandika kila wanachokiona, bila kueleza sababu. Usifupishe dakika hizi. Mwanafunzi akitulia ataona kwamba mwali hauna rangi moja: chini una ubuluu, katikati kuzunguka utambi kuna sehemu yenye giza, juu kuna manjano yanayong'aa. Ataona nta iliyoyeyuka ikitengeneza kidimbwi. Ataona pia kwamba mwali haugusi nta hata kidogo. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, katika mihadhara yake kwa vijana pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1860 na 1861, aliona mshumaa mmoja unatosha kuwa mada ya mfululizo mzima, na ukikaa nao dakika tano utaelewa kwa nini.

Kisha uliza: nini kinaungua? Wengi watasema utambi. Sasa fanya hivi. Acha mshumaa uwake kwa dakika mbili, uuzime kwa pumzi ndogo, na kabla mfuo wa moshi mweupe haujapotea sogeza njiti inayowaka kwenye moshi huo, sentimita mbili au tatu juu ya utambi. Moto utaruka kutoka kwenye njiti, utashuka kupitia moshi na kuuwasha mshumaa, hali njiti haijaugusa utambi. Rudia mara kadhaa, maana mara ya kwanza nusu ya darasa itakuwa inaangalia pembeni.

Moshi ule ni nta. Joto la mwali huyeyusha nta, nta iliyoyeyuka hupanda kwenye utambi, huko juu hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaoungua. Sehemu ya giza karibu na utambi ni mvuke ambao bado haujakutana na oksijeni ya kutosha. Manjano yanatoka kwenye chembe ndogo za kaboni zilizopata moto mpaka zikang'aa. Pitisha kijiko cha chuma kwenye manjano hayo na kitatoka na masizi, ambayo ni kaboni iliyonaswa kabla ya kumaliza kuungua.

Sasa swali la pili: nta inakwenda wapi? Shika glasi kavu na baridi juu ya mwali, kwa kuiinamisha. Katika sekunde chache ukungu utatanda ndani yake. Ni maji. Mwanafunzi makini atapinga kwamba maji hayo yalikuwemo hewani tangu awali, naye astahili kusifiwa. Mpe glasi nyingine aishike kando ya mshumaa, mbali kidogo na mwali, aone kama itapata ukungu. Kisha funika mshumaa kwa gudulia hadi uzimike, ligeuze haraka, mimina maji ya chokaa kidogo, ziba mdomo na utikise. Maji yanageuka meupe kama tui. Fanya hivyo hivyo na gudulia lenye hewa ya kawaida ili waone tofauti. Kilichoyachafua maji ya chokaa ni kabonidayoksaidi.

Andika ubaoni:

nta + oksijeni → kabonidayoksaidi + maji

na pembeni uongeze kwamba joto na mwanga hutoka. Halafu waambie ukweli mmoja na uwaache waufikirie: nta ya mishumaa ya kawaida, yaani parafini, imeundwa kwa kaboni na haidrojeni tu, haina oksijeni ndani yake. Maji yana oksijeni. Kabonidayoksaidi ina oksijeni. Imetoka wapi? Usijibu upesi. Katika kila darasa yupo atakayeinua mkono, na ni heri darasa lilisikie jibu kutoka kwake kuliko kutoka kwako.

Kwa wanaosoma kemia tayari, mlinganyo wa aina moja ya nta unaweza kuandikwa hivi: C₂₅H₅₂ + 38O₂ → 25CO₂ + 26H₂O. Wape kazi ya kuhesabu atomi za oksijeni pande zote mbili. Ni 76 kila upande, hakuna hata moja iliyopotea.

Hatua ya 3: Ufunike moto

Washa mishumaa mitatu iliyo sawa na uifunike kwa wakati mmoja kwa magudulia matatu ya ukubwa tofauti. Kabla ya kufunika, kila mwanafunzi aandike upi utazimika kwanza. Pima muda, rudia jaribio, linganisha. Gudulia kubwa hukaa na moto kwa muda mrefu zaidi, jambo ambalo halimshangazi mtu. Kinachohitaji uangalifu ni maneno mtakayotumia kulieleza.

Usiseme oksijeni imeisha. Haijaisha. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, naitrojeni karibu asilimia 78, na kilichobaki ni agoni na gesi nyingine kidogo. Mshumaa uliofunikwa huzimika oksijeni ikiwa imeshuka hadi asilimia 16 au 17 hivi. Nyingi bado imo ndani, ila haitoshi kuufanya mwali uendelee kutoa joto kwa kasi inayohitajika.

Ukitaka wanafunzi wakuamini, tumia pumzi zao. Jaza gudulia maji, lipindue ndani ya beseni la maji, kisha mwanafunzi apulize kwa mrija mpaka pumzi iyasukume maji yote nje. Pumzi tunayoitoa ina oksijeni karibu asilimia 16 na kabonidayoksaidi karibu asilimia 4. Teremsha gudulia hilo juu ya mshumaa unaowaka, na lingine la ukubwa huo huo lenye hewa ya kawaida juu ya mshumaa mwingine. Ule wa pumzi utazimika mara moja. Hata hivyo, hewa hiyo hiyo inatosha kumwokoa mtu anapopuliziwa kinywani. Jambo hili huwavutia sana wanafunzi na linafungua mazungumzo mazuri.

Baada ya hapo ulete mshumaa mrefu na mfupi, uiwashe na kuifunika pamoja chini ya gudulia moja refu. Upi utazimika kwanza? Karibu wote watasema mfupi, kwa kuwa wamesoma kwamba kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa. Mrefu ndio unaotangulia. Gesi zinazotoka kwenye mwali ni za moto, na kitu cha moto hupanda. Zinajikusanya juu na kuteremka polepole kadiri zinavyoongezeka.

Kisha geuza mambo. Weka mishumaa hiyo hiyo ndani ya bakuli lenye kina, iwashe, na pembeni uchanganye siki na magadi soda kwenye jagi. Povu likitulia, inamisha jagi juu ya bakuli taratibu kana kwamba unamimina maji, bila kuruhusu kimiminika kitoke. Safari hii mfupi unazimika kwanza, kwa kuwa kabonidayoksaidi hii ni baridi, nayo inatulia chini. Gesi ni ile ile, hali joto limebadilisha inakoelekea. Wape muda wa kubishana. Mwishoni uwaambie kwa nini watu hufundishwa kutambaa chini wanapotoka kwenye nyumba iliyojaa moshi.

Jaribio la kuachana nalo

Lipo jaribio moja maarufu sana: mshumaa unasimamishwa kwenye sahani ya maji, unafunikwa kwa glasi, unazimika, na maji yanapanda ndani ya glasi. Mwalimu anapima, anakuta maji yamepanda karibu sehemu moja ya tano, na anatangaza kwamba hiyo ndiyo nafasi ya oksijeni iliyotumika. Nakuomba kwa dhati usilifundishe hivyo. Hesabu inapatana kwa bahati tu, na maelezo yenyewe si sahihi.

Tumeona tayari kwamba oksijeni haijaisha mshumaa unapozimika. Tumeona pia kwamba mahali pake panaingia kabonidayoksaidi. Kinachoyapandisha maji kwa sehemu kubwa ni hewa kupoa. Unapoteremsha glasi juu ya mwali, hewa iliyopata moto inatanuka na sehemu yake inatoroka kwenye ukingo. Mara nyingi utaona mapovu. Moto ukizimika, iliyobaki inapoa na kusinyaa, mvuke wa maji unageuka matone, na shinikizo la hewa ya nje linasukuma maji kuingia.

Ikiwa wanafunzi wako wamekwisha kuliona mahali pengine, litumie kama fumbo. Waambie waangalie maji yanapanda lini: je, ni polepole wakati mshumaa unawaka, au ni kwa kasi baada ya kuzimika? Kisha warudie kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile. Maji yatapanda juu zaidi, ingawa hewa ya ndani haikuongezeka. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa macho yake hahitaji kushawishiwa.

Hatua ya 4: Pima chuma kabla ya kukiunguza na baada yake

Hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Ukiwa na muda wa jaribio moja tu, fanya hili.

Chukua kijiti kirefu cha chuma au rula ya chuma, uifunge waya katikati na uining'inize ilale sawasawa. Kila upande tundika fungu la nyuzi za chuma, moja la kuwashwa na moja la kulinganisha, hadi mizani isimame. Chini yake weka sinia la bati lenye mchanga. Chambua lile fungu la kuwashwa vizuri ili hewa ipite katikati ya nyuzi.

Sasa piga kura. Fungu hili likiungua litakuwa jepesi, zito, au halitabadilika? Hesabu mikono na uandike idadi ubaoni. Wengi watachagua jepesi, kwa sababu maisha yao yote wameona kuni zikigeuka majivu na karatasi ikiishia kuwa vumbi.

Washa fungu hilo kutoka chini. Chuma hakitoi mwali. Utaona wekundu ukitambaa kutoka uzi hadi uzi, cheche ndogo zikiruka, na nyuma yake nyuzi zikibaki kijivu cheusi, zikivunjika kwa urahisi zikiguswa. Pepea taratibu kwa karatasi ngumu usije ukayumbisha mizani. Baada ya muda mfupi upande ulioungua unaanza kushuka. Acha wautazame ukishuka. Usiseme neno.

Darasa likishatulia, uliza: uzito umetoka wapi? Hakuna mtu aliyeongeza kitu. Kilichokuwapo ni hewa tu. Ikiwa una mizani ya kisasa inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, pima fungu kabla na baada, na uandike tofauti. Kama chuma chote kingegeuka kuwa oksaidi, yaani muungano wa chuma na oksijeni, ya aina ya Fe₂O₃, gramu 7 za chuma zingezaa gramu 10. Darasani utapata ongezeko dogo kuliko hilo, kwa kuwa si nyuzi zote zinazoungua hadi ndani, na vipande vingine huanguka kwenye sinia. Waeleze hivyo wazi ili wasidhani wamekosea.

Huu pia ndio wakati wa kusimulia historia, sasa ambapo wanafunzi wenyewe wamekwama pale walipokwama wanasayansi. Katika karne ya 18 wanakemia wengi wa Ulaya waliamini nadharia ya flojistoni, iliyoenezwa na Georg Ernst Stahl: kwamba kila kinachoungua kina dutu ndani yake, na kuungua ni kutokwa na dutu hiyo. Ni wazo la busara ukitazama kuni. Ukitazama chuma, linakwama. Mwaka 1772 Antoine Lavoisier alionyesha Ufaransa kwamba salfa na fosforasi huongezeka uzito zikiungua. Tarehe 1 Agosti 1774 Joseph Priestley, huko Uingereza, alikusanya miale ya jua kwa lenzi juu ya oksaidi ya zebaki, akapata gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu ajabu. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa amekwisha kuipata kabla yake, ila maandishi yake yalichapishwa mwaka 1777. Priestley aliendelea kuitetea flojistoni maisha yake yote. Lavoisier ndiye aliyeelewa kwamba gesi ile ndiyo inayoingia kwenye vitu vinapoungua, na ndiye aliyeipa jina tunalolitumia leo. Waambie wanafunzi waliopiga kura ya wepesi kwamba walikuwa na wenzao wenye akili nyingi.

Usiondoke hapa kabla hujarudi kwenye mshumaa. Mbona wenyewe unapungua? Kwa sababu vinavyozaliwa ni gesi, navyo vinaondoka. Kama ungeweza kukusanya maji yote na kabonidayoksaidi yote, vingekuwa vizito kuliko nta iliyoungua. Kwa chuma, kilichozaliwa ni kigumu, ndiyo maana kimebaki kwenye mizani tukakiona.

Hatua ya 5: Oksijeni tupu

Tia mililita 30 hivi za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye chupa au glasi ndefu ya mililita 250. Ongeza hamira kavu nusu kijiko cha chai, tikisa kidogo na ufunike kwa kipande cha kadibodi bila kukaza. Kamwe usizibe chupa kwa kifuniko, gesi inaweza kuipasua. Povu litapanda, kimeng'enya kilichomo kwenye hamira kinaivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kiasi hicho hutoa karibu mililita 300 za gesi, inayotosha kuisukuma hewa nyingi nje ya chupa. Usitumie peroksaidi kali kuliko hiyo.

Washa kijiti cha mbao, kizime mwali kibaki na kaa jekundu kwenye ncha, kisha kiingize ndani ya chupa bila kugusa povu. Kitalipuka kwa mwali mweupe. Kitoe, kizime, kiingize tena. Unaweza kurudia mara nyingi kabla gesi haijachoka.

Waelekeze waangalie jambo moja ambalo hupita bila kuonekana: gesi yenyewe haikushika moto. Hakukuwa na mwali mdomoni mwa chupa. Kilichowaka ni mbao. Oksijeni ikiwa peke yake haiungui, kwa sababu haina cha kuungana nacho, na hili ndilo linalowachanganya wengi wanaosikia kwamba oksijeni ni hatari kwa moto. Hatari yake ni kwamba inavifanya vitu vingine viungue kwa ukali. Tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu wa Marekani, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikufa moto ulipozuka ndani ya chombo cha Apollo 1 kilichokuwa kimejazwa oksijeni tupu wakati wa mazoezi ardhini. Ndiyo sababu sigara na miali ya moto havitakiwi karibu na mitungi ya oksijeni hospitalini.

Hatua ya 6: Rudi kwenye neli za kutu

Sasa zilete zile neli. Kwenye ile yenye nyuzi maji yamepanda, nyuzi zimekuwa na wekundu wa kahawia. Kwenye ile tupu maji yako karibu pale pale. Pimeni urefu wa safu ya hewa mwanzoni na urefu wa maji yaliyopanda. Neli yenye safu ya hewa ya sentimita 15 itakuwa imepandisha maji karibu sentimita 3, yaani moja ya tano. Hapa hakuna joto la kutudanganya na hakuna gesi mpya iliyozaliwa, kwa hiyo kipimo kinaaminika. Ziba mdomo wa neli kwa kidole ndani ya maji, igeuze, uingize kijiti kinachowaka. Kinazimika papo hapo.

Chuma kile kile, oksijeni ile ile, muungano wa namna moja. Kimoja kilichukua sekunde na kikatoa mwanga, kingine kilichukua siku na joto lake likapotea bila mtu kulihisi. Waliosoma upumuaji wa seli wataona wenyewe kwamba chakula nacho huungana na oksijeni mwilini, polepole na kwa mpangilio, nacho hutoa maji na kabonidayoksaidi.

Hatua ya 7: Pembetatu ya moto, na hewa isiyotosha

Pembetatu ya moto ina pande tatu: kinachoungua, joto na oksijeni. Iandike mwishoni, wakati kila upande tayari una jaribio nyuma yake. Wape wanafunzi njia za kuzima moto na wataje kila moja inaondoa upande gani: mfuniko juu ya kikaango kilichoshika moto, maji juu ya kuni, kufunga valvu ya gesi, mchanga. Kwa mafuta yanayowaka, sisitiza kwamba maji hayamwagwi kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, yanachemka ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka kila upande. Zima chanzo cha joto, funika, acha yapoe.

Kisha zungumzia oksijeni isiyotosha. Kaboni ikikosa oksijeni ya kutosha huishia kuwa masizi au kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hushikana na damu na kuizuia isibebe oksijeni. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu waliolala, na hawapati onyo la moshi kwa sababu mkaa unaowaka vizuri hautoi moshi wa kuonekana. Usilipitishe hili kama nyongeza. Kwa baadhi ya wanafunzi litakuwa jambo la maana kuliko yote uliyofundisha, kwa hiyo waambie wakalieleze nyumbani.

Kupima kama wameelewa

Swali la kutaja masharti ya mwako halikuambii kitu. Uliza maswali yanayowalazimu kufikiri. Msumari hauwaki kwa kiberiti lakini nyuzi za chuma zinawaka, kwa nini? Atakayegusia eneo la chuma linaloguswa na hewa, na wepesi wa uzi mwembamba kupata joto, ameelewa. Maji yana oksijeni nyingi ndani yake, mbona hayachochei moto? Kwa sababu oksijeni hiyo imekwisha kuungana na haidrojeni. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: ukipuliza mshumaa unazimika, ukipuliza mkaa unakolea. Pumzi ni ile ile. Eleza. Mwanafunzi anayejibu kwamba pumzi ina kabonidayoksaidi amekariri, na hajajiuliza kwa nini mkaa haukuzimika. Jibu zuri lina sehemu mbili. Kwenye mshumaa kinachoungua ni mvuke mwembamba. Pumzi inaupeperusha mbali na utambi na kuupoza, upande wa kinachoungua na upande wa joto vinaondoka pamoja. Mkaa ni kigumu, haupeperuki, na umehifadhi joto jingi ndani yake. Pumzi inaufikishia oksijeni zaidi ya ile iliyokuwa imeuzunguka, maana hata pumzi ya mtu ina karibu asilimia 16. Wape alama nusu walioona upande mmoja, na uwape karatasi zao wajaribu upande wa pili kabla ya kipindi kijacho.